Kushika si kugusa: mpini wa tabibu unaowaka bila kubonyezwa

Bibi mmoja alimleta mjukuu wake anayelia sikio, kwenye zahanati moja ya hapa Tanga mjini nilikokuwa nimeitwa kutengeneza mizani ya watoto. Alikuwa amempakata, kichwa amekilaza kifuani pake. Tabibu akanyanyua kutoka mezani kifaa cha kuchungulia sikio, na kabla hajakifikisha kwa mtoto taa yake ikawaka. Hakubonyeza kitu wala hakuzungusha kitu. Bibi akakifunika kichwa cha mjukuu kwa ncha ya kanga.

"Ngoja kwanza mwanangu. Hicho kimewaka chenyewe. Kimeona nini?"

Tabibu akamjibu kwa upole: "Ni tachi tu bibi, kama simu." Bibi hakutulia. Nilipolifikiri jibu lile baadaye nikaona alikuwa na haki ya kutotulia, maana simu yenyewe hatujawahi kuelezwa inajuaje kidole. Tangu hapo swali lake nimelisikia kwa sura nyingi, kwenye vibaraza vya kahawa vya Ngamiani na hata kwa wauguzi. Mmoja ataapa kwamba vifaa hivi vipya vinasoma ugonjwa kwa kupitia mkono wa daktari. Mwingine anasema vinapitisha umeme mwilini. Mimi natengeneza vifaa hivi, navifungua na kuvifunga, na nimeona niandike ninachokijua, polepole, kuanzia chini.

Tuanze na vifaa vyenyewe. Otoskopu ni ya sikio: kichwa chenye taa, lenzi ndogo ya kukuzia, na kijifaneli kinachoingia kwenye tundu la sikio. Oftalmoskopu ni ya jicho. Mjerumani Hermann von Helmholtz aliitangaza mwaka 1851, na ndiyo iliyowawezesha matabibu kuona ukuta wa nyuma wa jicho la mtu aliye hai. Laringoskopu ni ya koo, ile wanayoitumia wataalamu wa usingizi wanapompitishia mgonjwa mrija wa kupumulia. Vyote vitatu vina kichwa kinachofanya kazi na mpini unaoshikwa. Jina ni lilelile la mpini wa jembe, ila huu una tumbo na ndani yake mna betri: mara nyingi mbili kavu za volti moja na nusu kila moja, au ya kuchaji ya volti 3.5 hivi.

Kwenye mpini wa zamani unaminya kitufe kidogo, kisha unazungusha pete mpaka mwanga utoshe, kama unavyozungusha kile kidude cha ubavuni mwa chemli kupandisha utambi. Kwenye mpini wa tachi hakuna kitufe wala pete. Juu ni plastiki laini, isiyo na ufa, na taa inatii mkono.

Kwa nini mtu aache kitufe kinachofanya kazi? Wauzaji husema ni kwa sababu ya mikono. Tazama uchunguzi wa sikio ulivyo: mkono mmoja wa tabibu unavuta sikio ili njia yake inyooke, kwa mtu mzima juu na nyuma, kwa mtoto mdogo chini na nyuma. Mkono wa pili unashika otoskopu, na upande wa kiganja umeegeshwa shavuni mwa mtoto, ili akigeuza kichwa ghafla kifaa kiende naye na kisimchome. Mkono wa tatu hakuna. Hayo ni kweli, lakini sababu hii naiona nyepesi, kwa kuwa tabibu aliyezoea huwasha taa kabla hajamsogelea mtoto.

Sababu nzito ni uchafu. Nimefungua pete za mipini ya zamani nyingi kuliko ninazoweza kuhesabu. Chini ya pete, kwenye kijia chembamba kama uzi, hukaa utope wa kijivu: mafuta ya mikono, unga wa glavu, mabaki ya dawa ya kusafishia, na kwa sisi wa pwani chumvi inayoletwa na upepo. Kitambaa hakifiki pale. Mimi nautoa kwa kijiti cha meno, na kila mara namuwaza mgonjwa wa mwisho kushikiwa kifaa hicho, na aliyemtangulia, na aliyemtangulia huyo. Mkono umenawa, glavu imebadilishwa, lakini mpini haukunawa. Ngozi ya mpini ikiwa moja, isiyo na mwanya, kitambaa chenye spiriti kinafika kila mahali. Hapo ndipo tachi inapojipatia heshima yake.

Sasa tuone inavyofanya kazi. Umewahi kumwona fundi umeme na testa: bisibisi yenye kitaa kidogo tumboni. Anagusisha ncha kwenye waya wenye umeme, anaweka kidole juu ya kishikio, kitaa kinawaka. Akiondoa kidole kinazimika. Umeme kidogo mno umepita kwenye kitaa ukaingia mwilini mwake, na yeye hakusikia kitu. Kumbe mwili wa mtu unapokea umeme, hata akiwa amevaa viatu na hajashika waya wa pili.

Wenye umri wanakumbuka pia redio ya antena. Unausogeza mkono karibu, stesheni inasafika. Unaondoka, inaanza kukwaruza. Hukuigusa. Mwili wako kuwa pale tu umebadilisha kitu.

Mpini wa tachi unatumia tabia hiyohiyo. Chini ya plastiki kumebandikwa kibati chembamba cha shaba, na kando yake kuna chipu ndogo kuliko punje ya mtama. Fikiria kibati hicho ni ndoo na chipu ni mtu anayeijaza kwa kikombe huku akihesabu. Vikombe kumi, imejaa. Anaimwaga, anaijaza tena: kumi. Tena: kumi. Halafu siku moja mtu anakuja na ndoo yake, anaiunganisha na ya kwanza kwa mrija kwa chini. Sasa kujaza kunataka vikombe kumi na kimoja. Mjazaji hamwoni mtu huyo, hajui jina lake wala afya yake. Anachokijua ni kwamba pembeni kumeongezeka chombo.

Kidole ndicho chombo hicho. Mafundi redio tunaita jambo hili kapasita: sehemu mbili zinazopitisha umeme, katikati pana kitu kisichoupitisha, na umeme unakaa pande zote mbili ukisubiri. Hapa upande mmoja ni shaba, wa pili ni kidole chako, na plastiki ya mpini iko katikati. Kinachoongezwa na kidole ni kidogo kupita kiasi, kama pikofaradi moja, yaani faradi moja iliyogawanywa kwa milioni mara milioni. Chipu inahesabu mara makumi kwa sekunde, nayo tofauti hiyo inaiona.

Kwa nini kidole na si kalamu? Kwa sababu ya maji. Maji yanabeba hali hii mara 80 hivi kuliko hewa, wakati plastiki ni mara 2 au 3 tu. Mwili wa mtu zaidi ya nusu ni maji, tena yana chumvi, na chumvi inapitisha umeme. Jaribu kwenye simu yako ya kupangusa: gusa kioo kwa kalamu ya plastiki, simu haina habari nawe. Kisha shika ndizi mbivu uguse kwa ncha yake, simu inatii. Haikuisoma ndizi. Imekutana na maji yenye chumvi yaliyoungana na mkono wako.

Hapo bibi yule anapata sehemu ya jibu lake. Mpini haukuona kitu kwa mtoto. Ulihisi mkono wa tabibu. Hata mkono wenyewe haukuujua ni wa nani, maana hesabu ya vikombe haina alama za vidole, haina homa, haina damu. Nadhani mkanganyiko umeletwa kwa sehemu na ile klipu ya kidoleni ya kupima oksijeni, ambayo wengi waliiona kwa mara ya kwanza miaka ya korona. Ile kweli inapima: inapitisha mwanga kwenye kidole na kuangalia damu imeunyonya kiasi gani. Kidole pale ni cha mgonjwa, na ndicho kinachochunguzwa. Kwenye mpini kidole ni cha tabibu, na kazi yake ni kuamuru tu.

Neno hilo la kuamuru ndilo linaloleta ugumu wote, na hapa nataka nikae kidogo.

Kiswahili kimetutengea maneno ambayo wasanifu wa vifaa hivi wanapaswa kuyajua. Kubonyeza ni kusukuma mpaka kitu kikubali kuingia. Kugusa ni kufikisha ngozi. Kupapasa ni kugusa huku unasogea. Kushika ni kukizungushia kitu mkono kisianguke. Simu inaishi na kugusa na kupapasa peke yake, kwa sababu kioo chake hakishikwi. Tunaishika kwa mgongo na pembeni. Mpini hauna bahati hiyo. Mpini upo ili ushikwe. Kila anayeutumia anaugusa muda wote, na katikati ya mguso huo mrefu inabidi utoke mguso mmoja mfupi wenye maana ya "washa". Chipu itautofautishaje?

Njia rahisi ni kuufanya mpini wote uhisi: ukishikwa uwake, ukiachiwa uzime. Ni njia nyoofu, na mpini wa bibi yule ulikuwa wa namna hiyo. Ila kuna jambo ambalo mtu asiyesimama karibu na tabibu hatalijua. Otoskopu wengine huishika kama nyundo, kiganja kizima kimeukumbatia mpini. Wengine huishika kama kalamu, kwa ncha za vidole vitatu karibu na kichwa, na kiganja hakigusi mpini hata kidogo. Msanifu aliyeweka vibati mahali pa kiganja ametengeneza kifaa cha wa kwanza na kumsahau wa pili. Halafu kuna jicho: jicho la kulia la mgonjwa huchunguzwa kwa mkono wa kulia na jicho la kulia la tabibu, na la kushoto vivyo hivyo kwa kushoto. Kwa hiyo mpini uliotengenezewa kidole gumba cha kulia peke yake unafanya nusu ya kazi.

Njia ya pili ni kuweka sehemu moja maalumu, kijishimo kidogo ambacho kidole gumba kinakipata bila macho. Hilo la bila macho lisidharauliwe. Chumba cha kuchunguzia jicho kinatiwa giza ili mboni ifunguke, na plastiki laini gizani haisemi chochote. Simu zetu za kiswaswadu zina kinundu kwenye namba 5 ili kidole kijue kipo wapi. Mtu alipiga namba gizani bila kukosea. Mpini wa tachi usio na kijishimo wala kinundu umepoteza kitu ambacho simu ya bei ya chini kabisa inacho.

Ninayoipenda mimi inaunganisha hizo mbili. Vibati vya mwilini vinasema "nimeshikwa", kibati cha kijishimoni kinasema "nimeamriwa", na taa haiwaki mpaka vyote vikubaliane. Kikiwa mfukoni mwa koti, kijishimo kinaweza kuguswa na paja lakini mwili haukushikwa. Kikibebwa kutoka chumba hiki kwenda kile, mwili umeshikwa lakini hakuna aliyeamuru. Ongeza vibati vitatu vinne kwa mstari juu ya kijishimo, kidole kikipapasa kwenda juu mwanga unapanda, kikishuka unapungua, na pete ya chemli imepata mrithi.

Hata hapo lipo suala la haraka na subira. Chipu ikiamini hesabu moja tu, kila kelele ya umeme itawasha taa. Kwa hiyo inaambiwa isubiri hesabu kadhaa mfululizo ndipo iamini. Ikisubiri mno, tabibu anagusa, haoni mwanga, anagusa tena, na kumbe amri ya kwanza ilikuwa njiani: ya kwanza inawasha, ya pili inazima. Nimemtazama muuguzi akihangaika hivyo mara nne mfululizo mbele ya mama mwenye mtoto anayelia, na mwishoni akaomba tochi ya simu. Mpini haukuwa mbovu. Ulikuwa umesanifiwa na mtu asiyejua mtu mwenye haraka anavyogusa. Dawa yake ni ndogo: kijishimo kiguswapo tu, kitoe mtikisiko mwepesi au mwanga hafifu wa kusema "nimesikia".

Sasa twende sokoni Mgandini, kwa muuza dagaa mwenye mizani ya namba. Anaweka bakuli tupu, mizani inasoma uzito wa bakuli. Anabonyeza kitufe, namba zinarudi sifuri. Kuanzia hapo anapima dagaa peke yake. Mpini nao unafanya hivyo. Plastiki, betri, hewa ya siku hiyo, vyote vina uzito wao kwenye hesabu ya vikombe, kwa hiyo chipu inajifunza sifuri yake: kumi ndiyo hali ya kutokuwa na mtu. Tena haijifunzi mara moja. Asubuhi kuna ubaridi, mchana joto la Tanga linapanda na unyevu nao, sifuri inasogea, na chipu inaifuata polepole.

Matatizo mengi ninayoletewa yanatoka hapo. La kwanza: mtu anabadilisha betri huku ameushika mpini. Chipu inaamka, inakuta mkono upo, inauhesabu mkono kuwa bakuli. Sifuri yake ni mpini uliokwisha kushikwa, kwa hiyo ukishikwa haioni jipya. Wananiletea wakisema kimekufa. Mimi naitoa betri, nairudisha huku mpini umelala kwenye meza ya mbao, sekunde tano, kisha naunyanyua. Unawaka, na mwenye mpini anadhani nina dawa.

La pili ni baya zaidi. Chipu inayofuata mabadiliko polepole inaweza kuufuata hata mkono. Tabibu anashika kwa dakika mbili, tatu, anatazama jicho, hasogezi kidole. Chipu inaanza kuona mkono huo kama hali mpya ya hewa, inasogeza sifuri, na taa inazimika katikati ya uchunguzi. Msanifu makini anaiamrisha chipu iache kusogeza sifuri kwa muda wote taa inapowaka. Ni mstari mmoja wa programu, na usipokuwepo tabibu anabaki gizani na jicho la mtu mbele yake.

Kuna pia suala la kizingiti. Kikiwa kimoja, kidole kinachotetemeka mpakani kitawasha na kuzima kama taa ya duka wakati wa umeme hafifu. Kwa hiyo huwekwa viwili: cha kuingilia kipo juu, cha kutokea kipo chini kidogo, na ukishaingia hutoki kwa kuyumba tu.

Halafu maji, ambayo kwa pwani yetu ndiyo mtihani wenyewe. Mpini uliolala chumba chenye kiyoyozi ukitolewa nje mchana unatoka jasho, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Nilifanya jaribio mezani kwangu kwa chupa ya kupulizia maji. Tone moja lilikaa kwenye kijishimo, likang'aa, taa haikuwaka. Nikaongeza. Tone likanenepa, likaanza kuteremka ubavuni, taratibu, na lilipogusa ile pete ya chuma inayoshika kichwa, taa ikawaka papo hapo. Nikalifuta mkia wake kwa pamba, ikazimika. Tone peke yake ni ndoo isiyo na mrija. Likiungana na chuma kilichounganishwa na betri, limekuwa kidole.

Wasanifu wanaojali huzungushia kibati pete ya pili ya shaba, wanayoipa nguvu ileile ya umeme kwa wakati uleule, ili kati ya kibati na pete kusiwe na tofauti na maji yaliyotanda hapo yasiwe na cha kubeba. Wengine wanaacha kabisa hesabu ya vikombe na kuweka kihisio cha mkazo chini ya ngozi ya chuma, kinachopima chuma kupinda kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Hicho hakijali maji, lakini kinataka kusukumwa kidogo, kwa hiyo tumerudi karibu na kubonyeza, bila ule mwanya wa kitufe. Kwa hewa ya hapa sioni aibu kulipendekeza hilo.

Usanifu mzembe unaonekana pia kwenye betri. Kitufe cha zamani kikizimwa hakili kitu. Mpini wa tachi haulali kamwe. Unahesabu vikombe usiku na mchana. Chipu nzuri inakula mikroampea chache tu (mikroampea ni ampea moja iliyogawanywa kwa milioni), na betri itachakaa kwa umri wake kabla chipu haijaimaliza. Sasa chukua usanifu mbaya unaokula miliampea 1, yaani mikroampea elfu moja, hata taa ikiwa imezimwa. Betri ndogo ya kawaida ina kama miliampea-saa 2500, yaani inaweza kutoa miliampea 1 kwa saa 2500. Gawanya: saa 2500, siku 104. Miezi mitatu na nusu kifaa kimekaa kabatini hakijatumika, betri imekwisha, na betri za alikali zilizokwisha huvuja ule unga mweupe unaokula springi. Na taa ikijiwasha yenyewe kwenye boksi? Kama inakula miliampea 100, ni saa 25. Imejiwasha Ijumaa jioni, Jumamosi usiku hakuna kitu, na Jumatatu asubuhi mpini haufungui jicho. Kundi la mipini nililowahi kupokea kwa matengenezo lilikuwa na ugonjwa huo: sponji ya ndani ya boksi ilinyonya unyevu, ikaukumbatia mpini kama mkono. Kwa hiyo mpini wa tachi usiojizima wenyewe baada ya muda, japo si kabla uchunguzi haujaisha, usinunuliwe kwa bei yoyote.

Nirudi kwenye hofu. Je, unapiga shoti? Volti 3 za betri kavu haziwezi kupenya ngozi ya mtu zikamdhuru, na tena kati ya shaba na mkono kuna plastiki. Panapohitaji uangalifu ni kwenye chaja za ukutani, na hapo tachi haihusiki: chaja ya kubabaisha ni hatari kwa kifaa chochote. Vifaa tiba nchini vinasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), iliyokuwa ikiitwa TFDA mpaka 2019, na anayenunua ana haki ya kuulizia usajili.

Mionzi? Kinachotoka ni mwanga wa taa, ndugu wa tochi.

Glavu? Hazizuii. Glavu ya uchunguzi ina unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita, na chipu inahesabu kupitia hapo bila shida. Zile nene za kufanyia usafi ndizo zinazoshinda.

Imani inayonisumbua kuliko zote ni kwamba kifaa cha tachi hakibebi vijidudu. Nimeisikia kwa watu wenye makoti meupe. Tachi maana yake ni kugusa. Vijidudu vinakaa juu ya plastiki laini kama vinavyokaa juu ya chuma. Tofauti ni kwamba sasa kitambaa kinaweza kuvifikia, kama kuna mtu wa kukishika hicho kitambaa, baada ya kila mgonjwa. Na aangalie anafuta kwa nini. Dawa ya klorini inakula vyuma, spiriti inapasua baadhi ya plastiki, na ufa mwembamba wa plastiki ni ule mwanya wa pete umerudi kwa mlango wa nyuma.

Laringoskopu nimeiacha makusudi. Ulimi wake wa chuma unakunjwa juu ya mpini, na ukiufungua mpaka usimame wima, ncha za umeme zinakutana na taa inawaka. Ni kama dinamo ya baiskeli zetu za Tanga: ukiiegemeza kwenye tairi, umewasha, hakuna swichi nyingine ya kutafuta. Mtaalamu anaishika kwa mkono wa kushoto, mgonjwa amelala hapumui mwenyewe, mate na damu viko kila mahali, sekunde zinahesabiwa. Sitaki chipu yoyote ijifunze sifuri yake wakati huo. Atakayekuja na mpini wa tachi wa laringoskopu nitamsikiliza, lakini tachi hiyo iruhusiwe kuwasha tu. Kuzima kubaki kazi ya kukunja ulimi.

Bibi yule tulimalizana naye hivi: nilimwomba tabibu kifaa, nikakifuta, nikampa akishike. Kikawaka mkononi mwake. Akakiweka mezani, kikazima. Akakishika kwa ncha ya kanga, hakikuwaka, maana kitambaa kikavu kilichokunjwa mara nne ni kinene kuliko glavu. Akanitazama. "Kwa hiyo kinataka ngozi." Nikamwambia ndiyo, au kitu chenye maji kama ngozi. Akafunua kichwa cha mtoto mwenyewe.

Wakuu wa zahanati wananiuliza wanunue upi. Chapa siwatajii. Nawaambia waombe mmoja wa majaribio, waulaze mezani, waweke betri bila kuushika. Waushike kwa kulia, kwa kushoto, kama nyundo, kama kalamu. Wavae glavu, kisha wailoweshe glavu. Waufute kwa kitambaa chenye maji waone kama taa inachanganyikiwa, na kama ikichanganyikiwa inarudi baada ya muda gani. Wauache usiku kucha ndani ya boksi lake karibu na dirisha linalotazama bahari. Asubuhi mtu mmoja aushike, awashe, akae nao dakika kumi bila kusogeza kidole, na mwingine akae mbele yake na saa.

Ukizimika kabla ya dakika hizo, urudi ulikotoka.